Akademi ya mpira inataka milioni 2.5 kwa mwaka, mtoto ana miaka 12. Nilipe au niache?

FundiSare Mbagala | Jumapili, saa 3:40 usiku

Habari za usiku ndugu zangu. Naombeni mnisome hadi mwisho. Nimeandika kwa kirefu kwa sababu jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Mbagala Zakhiem. Mume wangu anaendesha lori njia ya Tunduma, kwa mwezi tunamwona siku nne au tano. Tuna watoto watatu. Binti wa kwanza yuko kidato cha tatu, wa mwisho ana miaka 4, na wa katikati ndiye aliyenileta hapa: miaka 12, darasa la sita, mguu wa kushoto.

Huyu ukimtuma dukani anakwenda na mpira na kurudi na mpira, chumvi kaisahau. Alianza na chandimu, mpira wa soksi na mifuko, baadaye akaingia timu ya mtaa. Mwezi wa sita kulikuwa na bonanza la shule za msingi, nikaenda na mashati yangu ya kutia vifungo nikakaa kivulini. Mechi ilipoisha bwana mmoja mwenye traksuti akanifuata, akaniuliza kama mimi ndiye mama wa namba 7. Akasema, "Mama, mwanao anageuza shingo kuangalia kabla mpira haujamfikia. Wakubwa wengi hawana hicho." Jumamosi iliyofuata tukaenda kwenye majaribio upande wa Masaki. Uwanja wa nyasi bandia, koni zimepangwa, kila mtoto ana chupa yake ya maji yenye jina. Akachezeshwa dakika 40. Jioni tukiwa bado njiani wakapiga simu: amechaguliwa. Nililia ndani ya daladala, abiria wakadhani nimefiwa.

Kesho yake karatasi ya gharama ikaja kwa WhatsApp. Kujiunga 150,000. Ada 120,000 kwa mwezi, miezi 10. Jezi seti mbili, traksuti na begi 210,000, na lazima ununue kwao. Safari ya mashindano Arusha mwezi wa Desemba 380,000. Hayo ni yao. Yangu nimeyaongeza mwenyewe nyuma ya daftari la vipimo. Njumu za mtumba pale Karume jozi mbili kwa mwaka, maana mguu unakua, 90,000. Nauli yake na ya mdogo wangu wa kiume atakayempeleka na kumrudisha siku tatu kwa wiki, kwa sababu mazoezi yanaisha saa 12 jioni na siwezi kumwacha mtoto avuke mji peke yake kutoka Masaki hadi Mbagala giza limeingia: 12,000 kwa wiki, wiki 40, ni 480,000. Jumla 2,510,000. Nimejumlisha mara tatu.

Sasa fedha yenyewe. Kwenye kikoba nina 1,100,000 niliyokuwa naiweka ninunue ovaloki iliyotumika, mashine ya kufunga kingo za nguo, niache kupeleka kazi zangu kwa fundi mwingine na kumlipa. Kingine kinachoweza kukatwa ni tuisheni ya binti, 50,000 kwa mwezi, fizikia na kemia. Mwakani mwezi wa 11 anakaa mtihani wa kidato cha nne. Kila hesabu ninayoipiga inapita kwenye ovaloki au inapita kwa binti.

Mume wangu amesema atamwomba bosi wake mkopo. Alinipigia akiwa Mikumi, furaha inasikika hadi huku: "Samatta katoka Mbagala hii hii, unangoja nini?" Sina cha kumjibu, kwa sababu ni kweli.

Kipaji nakiona, sina haja ya mtu kuniambia kipo au hakipo. Ninachouliza ni hiki: kwa nyumba kama yangu, hii fedha inarudi kwa namna yoyote? Na nisipolipa, nitakuwa nimeifunga riziki ya mwanangu kwa mkono wangu?

---

Kocha wa Jioni | Jumapili, saa 4:15 usiku

Mama, hongera kwa mtoto na pole kwa mawazo.

Nafundisha watoto kwenye uwanja wa mchanga Temeke mwaka wa 19 sasa, nina leseni ya ukocha ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, daraja D. Nianze na swali: huyo kijana amezaliwa mwezi gani?

Halafu fanya kazi moja kabla hujaamua. Waombe umpeleke Jumamosi moja zaidi, na safari hii usiziangalie nyasi. Chukua kalamu uhesabu mwanao anagusa mpira mara ngapi kwa nusu saa. Hesabu watoto wangapi wako chini ya kocha mmoja. Mtoto akikosea, tazama kocha anafanya nini: anampigia kelele, anamtoa nje, au anamsogelea na kumwonyesha. Kisha rudi kwenye uwanja wenu wa mtaani, uhesabu vilevile kwa nusu saa. Miaka 12 ni umri wa mguu kuzoeana na mpira. Mtoto anayegusa mpira mara 20 kwa jioni hafiki kokote, hata kama anaugusia kwenye zulia.

Kuhusu Samatta, mwambie baba njia nzima asiishie Mbagala tu. Alianza na Mbagala Market, timu ambayo baadaye ikawa African Lyon. Simba mwaka 2010, TP Mazembe ya Kongo 2011, Genk ya Ubelgiji Januari 2016 akiwa na miaka 23. Aston Villa ya Uingereza alifika Januari 2020, miaka 27. Kutoka umri wa mwanao hadi Genk ni miaka 11. Karatasi uliyopewa ni ya mwaka mmoja. Mpaka afike 18 ni zaidi ya milioni 14 kwa ada hizo hizo, kama hazitapanda, na mimi sijawahi kuona ada iliyoshuka.

---

FundiSare Mbagala | Jumapili, saa 4:32 usiku

Asante sana Kocha. Amezaliwa Novemba. Ndiye mdogo kuliko wote kwenye ile timu, begani kwa wenzake.

---

Kocha wa Jioni | Jumapili, saa 4:50 usiku

Nilihisi. Makundi ya umri yanahesabiwa kuanzia Januari. Aliyezaliwa Januari mwaka huo huo amemzidi mwanao miezi kumi, na kwa miaka 12 miezi kumi ni kimo na ni kifua. Duniani kote timu za watoto zimejaa waliozaliwa mwanzo wa mwaka, makocha wanadhani wamechagua kipaji kumbe wamechagua ukubwa. Ukiongeza na vijeba wetu wa hapa Dar, wale wanaodanganya umri, mtoto wa Novemba anaonekana kama amepotea njia. Kwa hiyo kama amechaguliwa akiwa mdogo hivyo, yule bwana wa traksuti ana jicho, hilo nampa.

Kitu kimoja zaidi. Atatokea mtu akushauri ubadilishe cheti cha kuzaliwa, umpunguze mwaka mmoja au miwili. Usikubali hata kidogo. Tangu mwaka 2009 FIFA inapima kifundo cha mkono kwa picha ya MRI, kuona umri wa mfupa, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, na CAF nao wanapima. Mfupa hausomi cheti. Nimeona vijana wawili wazuri wakirudishwa nyumbani kwa sababu ya uamuzi wa wazazi wao.

---

Baba Watatu Tabata | Jumatatu, saa 1:05 asubuhi

Mama Mbagala, mimi nililipa. Miaka mitatu, akademi nyingine, siitaji. Mwanangu alianza akiwa na 11.

Sikatai kwamba alijifunza. Alipata Kiingereza, alijifunza kuamka mwenyewe saa 11 alfajiri, alijifunza kupika uji wake. Makocha hawakuwa wabaya. Kilichoniumiza ni kingine, na nakuandikia ili ukifikirie mapema.

Mwaka wa pili fedha iliponikaba niliuza kiwanja changu Chanika, 20 kwa 20, milioni 4 na nusu. Nilimwambia mtoto. Nilimwambia kwa nia njema, nikijua atajituma zaidi akiona baba amejitoa. Kuanzia hapo, kila akicheza vibaya, tunapanda gari Mwenge hadi tunafika Tabata hajafungua mdomo. Mimi nikidhani ana hasira ya kushindwa.

Mwaka wa tatu goti likaanza kuuma, uvimbe chini kidogo ya kilegesambwa. Mazoezi ya akademi siku nne, timu ya shule, na jioni mtaani. Akaficha karibu miezi mitatu. Nilipompeleka hospitali daktari akaeleza kwamba ni maumivu ya mfupa unaokua, yanaitwa Osgood-Schlatter, yanawapata sana watoto wa umri huo wanaokimbia na kuruka bila kupumzika, na dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi. Yanaisha mtoto akimaliza kukua. Nikamuuliza mwanangu kwa nini hakusema. Akanijibu, "Baba, niliogopa kukwambia nimechoka. Kile kiwanja."

Alikuwa na miaka 14. Nilikwenda kukaa nje.

Sasa yuko kidato cha nne, anaichezea shule yake UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, goti limepona, na anacheka uwanjani. Kama ukiamua kulipa, lipa fedha ambayo mtoto hawezi kuiona ikitoka. Ukiuza kitu chenye jina ndani ya nyumba, mtoto atakibeba mgongoni. Ovaloki yako ina jina. Tuisheni ya dada yake ina jina na sura, na wanakula sahani moja.

---

Karani wa Usajili | Jumatatu, saa 4:20 asubuhi

Baba Watatu, asante kwa kusema wazi.

Naongeza upande ambao wazazi wengi hawaelezwi. Nimefanya kazi ya makaratasi ya usajili kwenye klabu miaka kadhaa. Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho zinasema mchezaji akiuzwa nchi nyingine akiwa na mkataba, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho inagawiwa klabu zilizomlea kuanzia mwaka aliotimiza miaka 12 hadi mwaka aliotimiza 23. Pia ipo fidia ya mafunzo, inalipwa anaposaini mkataba wa kwanza wa kulipwa na anapohama nje ya nchi kabla ya kwisha mwaka anaotimiza miaka 23. Mzazi hayumo kwenye mgawo wowote kati ya hiyo miwili. Klabu ndiyo imo.

Sasa liangalie hili kwa jicho la biashara, kama unavyoangalia kitambaa. Klabu inayoamini mtoto wako atauzwa ina sababu yake yenyewe ya kumgharamia, kwa sababu mavuno ni yake. Anayekutoza gharama zote kuanzia begi hadi Arusha anakuuzia mafunzo. Hilo si kosa, hata anayefundisha kuogelea anauza mafunzo. Ila usilipe bei ya riziki kwa kitu ambacho ni somo.

Kwa hiyo waulize: mmesajiliwa kama klabu kupitia chama cha wilaya hadi TFF, shirikisho la mpira la taifa, au ni kituo binafsi tu? Kama hawajasajiliwa, miaka ya mwanao pale haiandikwi popote, na siku ya mgawo hawapo. Kama wamesajiliwa, waambie hivi: nyinyi mtakula siku akiuzwa, basi chukueni sehemu ya hatari leo, punguzeni ada. Wakikataa hata kujadili, umejua wanamthamini kiasi gani.

Na akija mtu na habari za majaribio Ulaya, lete viza, lete milioni tatu, mkimbie. FIFA hairuhusu mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa nchi, isipokuwa sababu chache sana, kwa mfano wazazi wake wamehamia huko kwa shughuli zisizo za mpira. Mtoto wa Mbagala mwenye miaka 12 hayumo.

Mwisho, Chamazi ni hapo jirani yako. Azam wana timu za vijana na vijana waliopitia pale wamefika mbali, Novatus Dismas alianzia hapo, akaenda Israel, Ubelgiji, hadi Shakhtar Donetsk. Miaka miwili mitatu ijayo ulizia majaribio. Nauli yake hailingani na ya Masaki hata kidogo.

---

Mzee wa Kijiweni | Jumatatu, saa 7:12 mchana

Mimi nasema lipa. Mtoto aliye mazoezini saa 11 jioni hayuko kijiweni. Mmetaja mahesabu yote, hilo mmeliacha. Mtaani kwetu Mbagala kuna vijana tulioshindwa kuwalipia vitu vidogo kuliko hivi, leo tunawalipia dhamana.

---

Dada wa Columbus | Jumatatu, saa 2:30 usiku

Nawasoma kutoka Ohio. Nimezaliwa Keko, nimelea wanangu huku, nataka kugusa jambo moja kwa sababu hizo akademi za Dar zimeanza kuwaambia wazazi kuhusu ufadhili wa vyuo vya Marekani.

Huku ndiko kwenye kulipa kuliko kwenu. Kijana wangu alipoingia timu ya ushindani nililipa dola 2,800 kwa mwaka, hapo hujagusa hoteli wala mafuta ya kuendesha gari saa sita kwenda kucheza mechi mbili. Wazazi wote pale pembeni ya uwanja tunaambiana chuo kitalipwa na mpira. Nikaja kujua hesabu yake mwanangu akiwa kidato cha juu tayari. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya chuo cha daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili 9.9 tu, na kocha anaukatakata kwa wachezaji 25 au zaidi. Huyu robo, yule vitabu. Kuanzia msimu wa 2025 utaratibu umebadilika kwa vyuo vingi, sasa kinachowekewa kikomo ni idadi ya wachezaji kwenye timu, lakini chuo hakilazimiki kuwalipia wote. Vyuo vya daraja la tatu havitoi ufadhili wa michezo kabisa.

Mwanangu alipata chuo, na sehemu kubwa ya ada ililipwa kwa sababu ya alama zake za darasani. Mdogo wangu, usikate tuisheni ya binti. Naomba kwa Mungu usiikate.

---

Mama Vitenge Kariakoo | Jumanne, saa 12:10 asubuhi

Mie mpira siujui. Najua nguo. Wewe ni fundi, na hao watu wana watoto wangapi? Vile vizibao vya rangi rangi wanavyovaa mazoezini kujigawa timu mbili, wanavinunua wapi na kwa bei gani? Mbona humu watu wanakushauri ulipe au usilipe tu? Nenda na sampuli.

---

FundiSare Mbagala | Jumapili iliyofuata, saa 2:05 usiku

Ndugu zangu, nimerudi. Niliwasoma wote, wengine mara nyingi. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye mliyoniambia.

Kocha, nilihesabu. Jumamosi Masaki, kocha mmoja na watoto 14. Kwa nusu saa mwanangu aligusa mpira mara 112. Alipokosea kupokea kwa mguu wa kulia, kocha alichuchumaa mbele yake, akamshika kifundo, akamwonyesha uso wa mguu uangalie wapi. Mara tatu. Jioni hiyo hiyo nikakaa uwanja wetu wa mtaani, nusu saa, nikapata 19, na kati ya hizo sita alikuwa anarusha mpira uliotoka nje, maana vijana wakubwa hawampi. Nilitamani iwe kinyume. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu kuwaambia kwamba pale Masaki ni nyasi tu na majina kwenye chupa, lakini wanafundisha kweli, na mwanangu anastahili kufundishwa hivyo.

Karani, niliwauliza. Wamesajiliwa, wakanionyesha barua. Nilipowaambia maneno yako ya kuchukua sehemu ya hatari, meneja alinyamaza kidogo, akasema nafasi za nusu ada ni nne kwa mwaka na zimekwisha, niombe tena Januari.

Lakini kilichoamua si hayo. Jumatatu ile asubuhi, kabla sijasoma hata jibu la Baba Watatu, binti yangu alikuja akanisimamia kwenye cherehani. Alikuwa amesikia simu ya baba yake. Akasema, "Mama, mlipie tu. Tuisheni nitaacha, nitasoma na wenzangu." Alisema kama mtu aliyejifunza hiyo sentensi usiku kucha. Nilimwomba daftari la fizikia nikaangalia kazi za wiki ile, nimeishia kidato cha pili lakini alama za tiki nazijua. Kurasa nne zote tiki. Hajaniomba chochote tangu aingie sekondari isipokuwa miwani. Nikamwambia arudi ndani avae sare aende shule, na tuisheni Jumamosi asikose. Nilishona mashati mawili siku nzima, kwa kawaida nashona tisa.

Baba yao alirudi Alhamisi. Nilimpa simu asome mwenyewe. Pale kwenye kiwanja cha Chanika alirudia, niliona kidole kinapandisha juu. Hakusema kitu hadi amekula. Halafu akasema hatamwomba bosi mkopo.

Kwa mtoto tulikaa wote wawili. Nilimweleza kwamba fedha ya kumlipia yote hatuna, na kwamba hajafanya kosa lolote. Sikutaja ovaloki, sikutaja dada yake. Alilia kwa ajili ya Arusha. Nilimwacha alie.

Mama Vitenge, Mungu akubariki. Niliazima ovaloki ya jirani nikashona vizibao sita, vitatu vya chungwa vitatu vya kijani, nikavipeleka jana. Meneja alivivuta pembeni, akavigeuza ndani nje kuangalia mshono. Vyao wamenunua 9,000 kila kimoja na vimechanika kwapani. Tumekubaliana hivi: yeye anatoa fedha ya kitambaa, mimi nashona vizibao 80, ufundi 3,000 kila kimoja, ambayo ni 240,000. Badala ya kunipa mkononi, mtoto anafundishwa Jumamosi tu kwa 40,000 kwa mwezi, miezi sita. Ya kujiunga wameisamehe, na traksuti na begi hanunui. Jumamosi ni asubuhi, nampeleka mwenyewe na kurudi naye mchana. Kikoba sijakigusa. Mwezi wa pili, baada ya msimu wa sare, naamini ovaloki itakuwa yangu.

Mzee wa Kijiweni, neno lako nimelishika pia, usione sikukujibu. Ndiyo maana namuuliza Kocha: huo uwanja wako wa Temeke uko upande gani, na Jumanne na Alhamisi una nafasi ya mtoto mmoja mdogo wa mguu wa kushoto? Mchango wa mipira nitatoa, na vizibao vya kwako nitavishona bila malipo.

Baba Watatu, msalimie kijana. Mwambie nimefurahi goti limepona.

---

Kocha wa Jioni | Jumapili, saa 2:40 usiku

Nafasi ipo. Nimekutumia namba pembeni. Mlete Jumanne saa 10 na nusu, aje na maji yake, na magoli ya kwangu ni mawe, umwambie mapema.

---

FundiSare Mbagala | Jumapili, saa 2:52 usiku

Mawe anayajua. Asante sana.

Mama Vitenge, nisaidie la mwisho. Natafuta kitambaa cha neti cha jezi, chungwa mita 20 na kijani mita 20, kisichochuja rangi kikifuliwa kwa maji ya chumvi ya huku kwetu. Nakuja Kariakoo Jumatano asubuhi. Niingie mtaa gani kwanza, na bei ya jumla nisikubali kuvuka ngapi kwa mita?